Maisha ya Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Safari hii twapenda kuwaletea habari za maisha ya mwanamke mmoja wa Unguja, ambaye wengi wetu huku Mwimbi tumelisikia jina lake tu, ama shuleni ama redioni, bila kujua alikuwa nani hasa. Huyu ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliyefariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Alikuwa Mwislamu, na nyimbo zake hazikuwa za kanisani. Hata hivyo maisha yake yanatuhusu sana, kwani mwanzo wake umo katika jambo lililowapata hata watu wa huku bara, yaani biashara ya watumwa, na matunda yake yamo katika lugha hii hii tunayoitumia kuandika ukurasa huu.

Vijana wetu hupenda sana muziki wa rege, na picha ya Bob Marley wa Jamaika mtaiona kwenye fulana, kwenye kofia na hata kwenye mabasi. Wanajua kusimulia jinsi kijana maskini wa kisiwani, wa uzao wa watumwa, alivyotoka kijijini, akaimba katika sahani za santuri, akajulikana Ulaya na Marekani, na mwezi wa Aprili 1980 akaja kuimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake. Habari hiyo ni ya kweli, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini twataka vijana wajue kwamba zaidi ya miaka hamsini kabla ya siku ile ya Zimbabwe, visiwa vyetu wenyewe vilikwisha kumtoa mtu wa namna hiyo: maskini, wa uzao wa watumwa, ambaye sauti yake ilivuka bahari kwa njia ya sahani na kurudi ikiwa na heshima. Tena alikuwa mwanamke, na wakati ule mwanamke kusimama na kuimba mbele za watu lilikuwa jambo la kusemwa vibaya.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua, ingawa wote wawili walizaliwa huko huko Unguja. Msomaji atajiuliza, Mnyamwezi na Mzigua walifikaje Fumba? Jibu lake ni lile lile la maelfu ya watu wa visiwani wenye asili ya bara. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipanda mpaka Tabora, ikafika Ujiji, ikateremka mpaka kusini mwa Ziwa Tanganyika. Walifuata pembe za ndovu, na pamoja na pembe walichukua watu. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kupita wote, ambaye kwao ni Unguja, alipigana na mtemi Nsama wa Itabwa mwaka 1867, upande wa pili wa mpaka wetu wa leo na Zambia. Kwa hiyo mambo haya hayakuwa ya mbali. Watu wa maeneo haya ya ziwa walikwenda pwani kwa miguu, na waliofika hai walivushwa, wakauzwa sokoni Mkunazini, au wakapelekwa mashambani kupalilia na kuchuma karafuu.

Soko lile lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash, na mwaka huo huo wamisionari wa UMCA wakaweka jiwe la msingi la Kanisa la Kristo mahali pale pale palipouziwa watu. Lakini kufungwa kwa soko hakukumfanya kila mtumwa kuwa huru. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Siti alikuwa kijana wa yapata miaka kumi na saba wakati huo. Utoto wake wote aliuishi katika nchi ambamo mtu aliweza kuwa mali ya mtu mwingine.

Na jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Kuzaliwa kwake hakukuwa jambo la kupigiwa vigelegele na wakubwa, na jina lilitosha kumweleza kila aliyelisikia kwamba mtoto huyu ni wa watu wa chini. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye sana, akiwa mtu mzima, na inasimuliwa kwamba alipewa na bwana mmoja Mwarabu. Twaomba msomaji akumbuke jambo hili la majina, maana kati ya jina la kwanza na la pili ndipo maisha yake yote yalipo.

Nyumbani kwao hakukuwa na mali. Hakusoma shule, wala hakukaa chuoni kujifunza Kurani kama watoto wa wenye nafasi. Alichojifunza ni kufinyanga vyungu, kazi ya mama yake na ya akina mama wengi wa kijiji chao. Akina mama zetu wa Ufipa hawahitaji kuelezwa kazi hiyo: kuchimba udongo, kuuponda, kuutoa mawe, kufinyanga, kuanika, kuchoma, kisha kubeba kichwani mpaka kwa mnunuzi, huku ukiomba usijikwae njiani. Siti alivitembeza vyungu vyake akiimba, ili watu wajue muuzaji anakuja. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana, na watu walimngojea milangoni, wengine wakiwa hawana haja ya chungu. Twaweza kuamini. Anayenunua chungu hukigonga kwanza asikie mlio wake, kwani chungu kizima hulia na chenye ufa hukohoa. Wanunuzi wale walisikia mlio mzuri kabla ya kukigonga chungu chenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Ni mwaka ule ule ambao Sultani Khalifa bin Harub alishika kiti cha enzi. Siti alikuwa amekwisha fika miaka thelathini, umri ambao wengi huona kwamba mambo yao yamekwisha kuamuliwa. Hakwenda mjini kwa kuwa aliitwa na mtu. Alikwenda kutafuta maisha, kama walivyokwenda watu wengi wa mashamba baada ya utumwa kufutwa. Wengi wao hawakukaa Mji Mkongwe kwenye majumba ya mawe. Walijenga upande wa pili wa mkono wa bahari uliougawa mji, mahali palipoitwa Ng'ambo. Huko kulikuwa na Wanyamwezi, Wazigua, Wayao, Wamanyema, Wanyasa na wengine, ambao watoto wao wakaanza kujiita Waswahili au Wazanzibari. Walijenga nyumba za udongo, lakini ardhi haikuwa yao. Ilikuwa ya matajiri, nao walidaiwa kodi ya kiwanja. Ng'ambo ndipo palipokuwa kwao Siti, na hata alipopata jina hakupahama.

Mjini alikutana na Ali Muhsin, mpigaji wa chama cha Ikhwani Safaa. Hapa yafaa tueleze kidogo juu ya taarabu, maana huku kwetu muziki huu haukuzoeleka sana. Sultani Barghash aliupenda muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kupiga ganuni, na aliporudi aliwafundisha wengine hapo Unguja. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Taarabu ya wakati ule ilikuwa ya wanaume, ya watu wa ukoo na nafasi, nayo iliimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo watu wengi wa Unguja hawakuielewa. Waliusikia uzuri wa sauti, wakatikisa vichwa, wakarudi nyumbani bila kujua kilichosemwa. (Wakristo wa zamani waliosali kwa Kilatini watatuelewa.)

Ali Muhsin alimsikia Siti, akaona kwamba sauti ile haifai kuachwa ikauze vyungu tu. Akakubali kumfundisha kuimba kwa kufuata vyombo, na kuimba nyimbo za Kiarabu. Fikirini kazi hiyo kwa mtu asiyejua kusoma: kila neno la lugha ya kigeni lilipaswa kuingia kwa sikio na kukaa kichwani, na kila mapumziko ya udi na fidla yalipaswa kujulikana kwa kuhesabu rohoni. Alijifunza. Kisha akajiunga na wapigaji wengine, wote wanaume, na majina yao yafaa yatajwe, kwani sifa ya mwimbaji mara nyingi huwafunika waliokaa nyuma yake: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Hawa wakawa kikundi chake kwa miaka mingi. Walitunga pamoja, wakasahihishana, na wengine wao waliimba pia.

Hapo ndipo Siti alipofanya jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kuimba taarabu kwa Kiswahili. Hakuacha Kiarabu, kwani aliitwa kuimba katika majumba ya Waarabu na mbele ya Sultani mwenyewe, na huko aliimba kama walivyotaka wenyeji wake. Lakini usiku, nyumbani kwake Kisimamajongoo, Ng'ambo, aliimba kwa lugha ya watu wa mtaa. Nyumba ile ilikuwa kama baraza ya watu wote. Kikundi kilikutana hapo kufanya mazoezi, na jirani wakaja kusikiliza, mafundi, wachukuzi, akina mama waliomaliza kupika. Wimbo uliokuwa utaimbwa harusini kwa tajiri kesho yake ulisikika kwanza na maskini wa Ng'ambo, tena bila kiingilio.

Na waliimba nini? Mapenzi, bila shaka, kwani taarabu bila mapenzi ni sawa na ugali bila chumvi ya mboga. Lakini waliimba pia mambo yaliyotokea mjini, kwa namna ambayo twaweza kuiita gazeti la watu wasiojua kusoma. Twaeleza mawili tu. La kwanza ni la karani mmoja mwenye cheo, aliyezoea kuwadhulumu fedha watu wasiojua kusoma, mpaka alipokamatwa akafungwa na kufanyishwa kazi ngumu kama mfungwa mwingine yeyote. Kikundi cha Siti kikautungia wimbo mkasa ule, na mji mzima ukaimba aibu ya mkubwa aliyeanguka. Kwa maskini aliyeibiwa na asiyekuwa na mahali pa kulalamika, wimbo ule ulikuwa hukumu ya pili, na huenda ulimfurahisha kuliko ya kwanza.

La pili ni la kusikitisha, nalo ndilo linalojulikana zaidi, kwani wimbo wake, uitwao Kijiti, ungali unaimbwa. Mwanamke mmoja kutoka Dar es Salaam, akiwa mja mzito, alikwenda Unguja kutembea. Wenyeji wake, wanawake wawili, walimchukua kwenda katika ngoma. Huko mwanamume aliyeitwa Kijiti akamtendea ukatili, akamwua. Kisha akavuka kwenda bara, asipatikane. Kesi ilipofika mahakamani, walioadhibiwa ni wale wanawake wawili, kwa kosa la kumtoa mgeni wao na kununua pombe. Mwuaji yuko huru ng'ambo ya maji, mashahidi wamo gerezani! Siti na wenzake hawakuwa na wakili wala kiti katika Baraza la Kutunga Sheria. Walikuwa na wimbo. Wakaimba jina la mwuaji, wakaimba namna sheria ilivyowageukia wanawake, na tangu hapo Kijiti hakuwa na mahali pa kujificha ambapo taarabu haikufika. Karibu miaka mia imepita, hakimu wa kesi ile hajulikani na watu, bali Kijiti anajulikana.

Sasa tufike kwenye habari ya sahani. Mwezi wa Machi 1928 Kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile iliyotoa sahani za His Master's Voice zenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya santuri, ilimchukua Siti na kikundi chake mpaka Bombay, Uhindi, ili wakarekodi nyimbo za Kiswahili. Kabla ya hapo biashara ya santuri katika Afrika Mashariki ilitegemea nyimbo za Misri, za Uhindi na za Ulaya. Wenye kampuni walikuwa wafanyabiashara, nao walitaka kuona kama Mwafrika atatoa fedha yake kununua sauti ya Mwafrika mwenzake. Jaribio lao likaangukia kwa mfinyanzi wa Fumba.

Kurekodi wakati ule hakukuwa kama sasa, ambapo mwimbaji akikosea hurudia neno moja na fundi akaliunganisha. Sauti ilichorwa moja kwa moja juu ya sahani ya nta. Akikohoa mpiga udi, au kamba ya fidla ikikatika, nta ile imeharibika, na wimbo huanza upya kutoka mwanzo. Tena upande mmoja wa sahani, ambayo ilizunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua dakika tatu hivi tu. Wimbo wa taarabu harusini huweza kwenda robo saa au zaidi, kwani wasikilizaji wakiupenda ubeti huomba urudiwe, na mwenye kutunza huja na fedha yake taratibu. Siti alilazimika kuubana wimbo mrefu katika muda wa kuchemsha chai, mbele ya mafundi wasiojua hata neno moja la lugha yake, bila wa kumtunza wala wa kumshangilia. Sahani zilizookoka mpaka leo zinamwonyesha hakubabaika. Sauti ni kavu kidogo, ya juu, iliyonyooka, na kila neno linasikika.

Jaribio lilifaulu kupita walivyotazamia. Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba katika sahani za santuri. Wakarekodi tena, kampuni nyingine kama Columbia na Odeon nazo zikaingia katika mashindano, na kufikia mwaka 1931 Siti na wenzake walikwisha kurekodi nyimbo zaidi ya 250. Hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba mpaka mwaka huo sahani 72,000 zilikwisha kuuzwa. Kwa nyakati zile, ambapo santuri moja ilikuwa mali ya mtaa mzima, hesabu hiyo ni ndogo kuliko watu waliosikia. Mwenye mkahawa akinunua sahani moja, wateja wake wote wameinunua. Mwenye santuri alizungusha mkono wa mashine mpaka springi ikaze, akabadili sindano, akaweka sahani, na watu wakanyamaza. Nyimbo zikavuka kutoka Unguja kwenda Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam, na kupanda bara kwa njia ya reli, njia ile ile ambayo babu zake Siti waliteremshwa kwa miguu.

Mwaka ule wa 1928 ulikuwa na mambo mengine mawili ambayo twapenda kuyaweka pamoja na safari ya Bombay. La kwanza, watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi, na mgomo huo ukaitikisa serikali. Maana yake ni kwamba watoto wa watumwa walikwisha kuchoka kuhesabiwa kuwa wageni mahali walipozaliwa. La pili, wakubwa wa elimu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiswahili kitakachofundishwa shuleni na kuandikwa vitabuni kiwe kile cha mji wa Unguja. Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930 kuifanya kazi hiyo.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi watu wa nyanda za Ufipa. Kiswahili kilifika huku kwa njia nyingi. Kilikuja na misafara, kikaja na askari, kikaja na walimu. Kwa upande wa Kanisa letu hatuwezi kumsahau Askofu Edward Steere wa UMCA, aliyefariki Unguja mwaka 1882, ambaye alikaa na watu wa mji ule, wengi wao watumwa waliokombolewa, akiuliza maneno na kuyaandika, mpaka akatupa vitabu vya sarufi na sehemu kubwa ya Maandiko katika Kiunguja. Hiyo ndiyo njia ya kitabu. Siti alikuwa njia ya sikio. Mtu wa bara aliyesoma darasani maneno ya Kiunguja aliyasikia yakitamkwa na mwenyewe, kwa sauti tamu, kutoka katika sanduku la santuri. Askofu alikuwa msomi mkubwa, na yule mama hakujua kusoma hata jina lake, lakini walikuwa wakipeleka mzigo mmoja. Twasema hivi kwa kuwa wako watu wanaodhani kwamba lugha hujengwa na kamati peke yake.

Si kila mtu mjini alifurahi. Mafanikio ya Siti yaliwachoma wengine, hasa wale walioona kwamba heshima ni mali ya ukoo. Wakamtungia wimbo wa kumkejeli, wakiuliza tangu lini Siti naye akawa mtu, maana alikuja kutoka shamba amevaa kaniki, na kama si sauti yake angekula nini. Msomaji kijana huenda hajui uzito wa neno kaniki. Ilikuwa nguo nyeusi ya bei rahisi, vazi la watumwa na la watu wa kazi. Wanawake waliopata uhuru waliharakisha kuivua na kuvaa kanga za rangi. Kumkumbusha mtu kaniki yake kulikuwa kumwambia, sisi twakujua ulikotoka. Walikuwa wakimrudisha katika lile jina lake la kwanza.

Siti angeweza kukana. Wengi walikana, wakajitungia ukoo wa Uarabuni au wa Shirazi, na mjini pale hakukuwa na uhaba wa watu wenye babu mpya. Yeye hakukana Fumba wala kaniki. Alijibu kwa wimbo vilevile, akisema kwa ufupi kwamba sura nzuri na nasaba kubwa si hoja, bali hasara ya kweli ya mwanadamu ni kukosa akili. Jibu likapendwa kuliko tusi. Sisi twaona kwamba alifanya vizuri kutotaja mtu kwa jina. Aliliacha kanzu pale chini, na kila aliyeona kwamba limemkaa akalivaa mwenyewe.

Alipoimba alijitanda na kujifunika kwa heshima, jambo lililowanyamazisha wale waliotaka kumsema kuwa ni mwanamke wa hovyo. Na kwa kuwa yeye alipita mlango ule, wanawake wengine wakapita. Katika miaka iliyofuata Unguja ikawa na vikundi vya taarabu vya wanawake wenyewe, na uimbaji ukawa kazi ambayo mwanamke aliweza kujipatia riziki.

Miaka yake ya mwisho hatutaieleza kwa urefu. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha kizazi kipya cha waimbaji kilikuwa kimejitokeza, santuri zilijaa muziki wa dansi, na Siti alikuwa mzee. Muda mfupi kabla ya kufa kwake alikutana na Shaaban Robert, mtunzi na mshairi wa Tanga, ambaye wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali na vitabu vyake vilikuwa vimeanza kujulikana. Shaaban Robert alimwuliza habari za maisha yake, naye akamsimulia. Kutokana na mazungumzo yale kikatoka kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichochapwa baada ya kifo chake Siti, nacho kimesomwa na wanafunzi wengi wa nchi yetu. Ni jambo la kufikiriwa: vitabu vya maisha ya watu, wakati ule, viliandikwa juu ya magavana, mamisionari na masultani. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu alipotaka kuandika maisha ya mtu, alimchagua mwanamke asiyejua kusoma, ambaye wazazi wake walimwita Mtumwa.

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, walianzisha pia jarida, na katika kulitafutia jina wakaliita Sauti ya Siti. Na wale ambao hawakuwahi kuiona sahani ya zamani walimsikia kwa kinywa cha Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa Unguja, ambaye alipokuwa msichana alikwenda kumsikiliza Siti na kuziweka nyimbo zake kichwani. Bi Kidude naye akaitwa ng'ambo, akaimba Ulaya na Ujapani akiwa bibi kizee, na mara kwa mara wimbo aliowaimbia watu wa huko ulikuwa Muhogo wa Jang'ombe, ambao ni wa Siti. Aliuimba mpaka karibu na kifo chake, tarehe 17 Aprili 2013.